Mita 850 za nyasi zilizolowa: uchambuzi wa ajali ya ndege ndogo Nyanda za Juu Kusini

## Kabla ya kuanza

Rubani wa kisa hiki ndiye aliyeniomba nikiandike. Mimi ni mwalimu wa urubani. Tulikaa naye mezani siku mbili, na siku ya tatu tukakitembea kiwanja kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono wake ukiwa bado umefungwa hogo. Abiria wake na mlinzi wa kiwanja nao walikubali kuzungumza nami. Majina, shamba, mwaka na namba ya ndege nimeviondoa.

Hii si ripoti ya uchunguzi. Kazi hiyo ina wenyewe kisheria, na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, kinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi wa ajali ya ndege ni kuzuia nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Nimejitahidi kulishika hilo, ingawa rubani mwenyewe alijilaumu kila baada ya dakika kumi na ilibidi nimzuie.

## Mazingira

Ukitoka Dar es Salaam kwa ndege ndogo kuelekea Iringa, ardhi inakupandia. Unaipita Mikumi, unaiacha milima ya Udzungwa, kisha unajikuta juu ya uwanda ulioinuka wa chai na miti ya mipaina na milingoti, ambako ndege iliyo mita chache tu juu ya nyasi tayari iko futi elfu sita juu ya bahari. Viwanja vya mashamba huku vimechongwa pale ardhi iliporuhusu. Vingi ni vya upande mmoja: unatua ukipanda, unapaa ukishuka, hata upepo useme nini.

Kiwanja chetu ni cha namna hiyo. Kina nyasi, urefu wa mita 850, kiko futi 6,000, na kinapanda taratibu kuelekea kaskazini-magharibi. Mwisho wa chini unatazama bonde la chai lililo wazi. Mwisho wa juu umekatwa na mtaro wa kukinga maji ya mvua, nyuma yake kuna safu ya milingoti, na nyuma ya milingoti kilima.

Ndege ilikuwa ya injini moja, viti vinne, mabawa juu, gurudumu la tatu mbele. Haikuwa na hitilafu. Kitabu chake kinasema inahitaji mita 410 kutua na kusimama, ikihesabiwa tangu inapopita futi 50 juu ya ardhi, usawa wa bahari, kwenye njia ngumu na kavu, bila upepo.

Rubani ana umri wa miaka hamsini na kitu, leseni binafsi, saa zipatazo 600. Nyingi amezirukia pwani, na akija kusini hutua zaidi kwenye uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, ambako lami inazidi kilomita tatu. Kwenye kiwanja hiki cha shamba alikuwa ametua mara saba, zote kati ya Julai na Oktoba, nyasi zikiwa kavu zinavunjika chini ya kiatu. Siku ya ajali ilikuwa Aprili.

## Siku yenyewe

Walipanga kuondoka asubuhi mapema ili wafike saa nne asubuhi. Abiria, mshirika wake wa biashara, alichelewa kwa shughuli ya benki, wakaondoka karibu saa sita. Kabla ya kuwasha injini rubani alimpigia simu mlinzi wa kiwanja. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo yale vilevile.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, baba. Unakuja leo?"

"Nakuja. Kiwanja kikoje?"

"Kiko vizuri kabisa. Ng'ombe wamekula nyasi, ziko chini. Hakuna mfugo ndani."

"Mvua?"

"Ilinyesha jana jioni. Leo jua limetoka."

Walifika juu ya kiwanja saa nane na robo mchana. Joto lilikuwa nyuzi 23, mawingu yameanza kujikusanya ukingoni mwa nyanda. Rubani alizunguka mara moja. Mfuko wa kuonyesha upepo aliuona umenyong'onyea, akahesabu kwamba upepo ni mdogo. Ulikuwa umelowa na umechanika mdomo. Upande wa pili wa bonde kulikuwa na tanuri la matofali, na moshi wake ulikuwa umelala kuelekea kaskazini-magharibi, yaani kule kule alikokuwa anaelekea kutua. Abiria aliuona. "Kaka, niliuona moshi umelala," alimwambia rubani hospitalini, "lakini mimi ningejuaje una maana gani?"

Akaingia kutokea bondeni. Aliona yuko juu kuliko kawaida, akasukuma pua chini, mwendo ukapanda. Tableti aliyoifunga kwenye usukani ilihifadhi safari nzima, kwa hiyo hapa hatukisii: akikaribia mwanzo wa kiwanja alikuwa anapita juu ya ardhi kwa noti 93, karibu kilomita 172 kwa saa. Anakumbuka kipimo cha mwendo kikisoma noti 75. Mwendo unaotakiwa ni 65.

Ndege haikukaa chini. Ilielea juu ya nyasi, ikielea na kuelea. Abiria akauliza, "Kaka, vipi?" Akamjibu, "Tuko sawa." Magurudumu yaligusa mita 380 hivi kutoka mwanzo, yakaruka, yakagusa tena kwenye mita 450. Akabana breki kwa nguvu zote. Siku nilipokwenda, mistari ya magurudumu ilikuwa bado inaonekana: nyasi zimelazwa upande mmoja, laini kama zimepigwa pasi, udongo haujachimbika hata kidogo. Magurudumu yalikuwa yamefungwa, yanateleza.

Aliingia mtaroni kwa mwendo wa baiskeli. Mguu wa mbele ukavunjika, propela ikachimba ukingo, ndege ikainamisha pua na mkia ukabaki juu. Rubani alivunjika kifundo cha mkono. Abiria alichanika paji la uso, nyuzi sita.

Alifunga mafuta na kuzima umeme kwa mkono uliobaki mzima, wakatoka kwa mlango wa abiria, ambaye kabla ya safari alikuwa ameonyeshwa namna ya kuufungua. Mlinzi alifika akikimbia. Vijana wa shambani walikuja na trekta kuivuta ndege, akawakatalia mpaka polisi wafike, na akawafukuza wenye sigara, maana petroli ilikuwa inadondoka. Hakuna aliyemfundisha. Nilipomuuliza alisema gari likipinduka barabarani huwa haliguswi, akaona ndege nayo ni hivyo hivyo.

## Hesabu ambayo haikufanywa

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewahi kuwapa marubani wa ndege ndogo viwango vya kukadiria urefu wa kutua, na mimi hufundisha kwa viwango hivyo. Kila futi 1,000 za mwinuko, ongeza asilimia 5. Kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango cha kawaida cha mwinuko huo, asilimia 5. Nyasi zilizolowa, asilimia 35. Upepo wa nyuma unaofikia sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kutua, asilimia 20.

Nilimpa rubani karatasi, akafanya mwenyewe. Mwinuko wa futi 6,000, asilimia 30. Joto: kwenye mwinuko huo kiwango ni nyuzi 3, siku ile zilikuwa 23, kwa hiyo asilimia 10. Nyasi, 35. Upepo wa nyuma tuliukadiria noti 8, karibu asilimia 25. Akajumlisha, akapata asilimia 100, na mita 410 zikawa kama 820. Akaniangalia. "Mwalimu, mbona kiwanja kinatosha?"

Hakitoshi, kwa sababu viwango hivi havijumlishwi, vinazidishwa. Kila balaa linapanda juu ya balaa lililotangulia. Mita 410 kwa mwinuko, asilimia 5 mara sita moja juu ya nyingine, zinakuwa 550. Kwa joto, 605. Kwa nyasi zilizolowa, 815. Kwa upepo wa nyuma, 1,020. Kiwanja kina 850. Na hapo bado hatujaweka akiba, ambayo ushauri uleule unataka uzidishe kwa 1.43 ili kumfidia rubani wa kawaida, mwenye breki za kawaida, siku ya kawaida.

Kuna lililoniumiza zaidi. Viwango hivyo hivyo vinaonya kwamba nyasi zikiwa fupi sana na zimelowa, utelezi unaweza kufikisha nyongeza ya asilimia 60 badala ya 35. Mlinzi alisema ng'ombe wamezila, ziko chini. Kwake ilikuwa habari njema, na rubani aliipokea kama habari njema. Ilikuwa onyo. Kwa nyasi za namna ile, hesabu inapita mita 1,200.

Mtu ataniambia kwamba kiwanja kupanda mbele kunasaidia kusimamisha ndege. Ni kweli, na ndiyo maana aliingia mtaroni kwa mwendo wa baiskeli na si wa lori. Mimi simhesabii mwanafunzi msaada huo. Ubaki mfukoni.

## Maamuzi, na kwa nini yalionekana ya busara

Kuchelewa kuondoka si kosa, ila kulimhamisha kutoka asubuhi tulivu hadi mchana wa upepo, na hakuyapitia upya makadirio yake. Alikuwa amesoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa asubuhi. Hakuusoma wa mchana.

Simu kwa mlinzi ninaiweka juu zaidi ya watu wengi wanavyoiweka. Swali "kiwanja kikoje?" lina jibu moja tu kwa mtu muungwana wa Iringa: kiko vizuri. Mzee yule analinda kiwanja dhidi ya ng'ombe na wakata kuni. Hana ng'ombe ndani, nyasi ziko chini, basi kiko vizuri, na alisema kweli. Aliyejua maana ya breki ni rubani, na ndiye aliyepaswa kuuliza yanayohusu breki: viatu vinalowa ukikatiza katikati? Bodaboda ikipita inaserereka? Simama mgongo ukielekea milingoti, upepo unakupiga uso au kisogo?

Sasa mwendo. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu kosa hili lilitokana na somo sahihi. Kipimo cha mwendo ndani ya ndege hupima jinsi hewa inavyokisukuma. Juu huku hewa ni nyembamba, kwa hiyo ili isukume kwa nguvu ileile lazima ndege ikimbie zaidi. Kwa mwinuko na joto la siku ile, ndege ilikuwa katika hewa nyembamba kama ya futi 8,400 hivi. Noti 65 kwenye kipimo zilikuwa noti 74 za kweli. Kila mwanafunzi anayekuja nyanda za juu huambiwa: utaona ardhi inakimbia, usiogope, usipunguze mwendo ukaja kuanguka kwa kukosa mnyanyuko. Rubani wetu aliambiwa hilo na alilikumbuka. Alipoona ardhi inakimbia akajisemea, ni hewa nyembamba hii. Tena akaacha noti kumi za ziada zibaki, kwa usalama.

Lakini hewa nyembamba ilieleza noti kumi tu kati ya alizoziona. Nyingine kumi na kitu zilitoka kwenye mwendo wa ziada, na nane zilikuwa upepo wa nyuma. Alichofundishwa kilimpa sababu ya kutokuuona upepo. Dawa yake ilikuwa mbele ya macho yake, kwenye tableti. Mwendo wa kweli hukadiriwa kichwani kwa asilimia 2 kwa kila futi elfu. Noti 75 zinakuwa kama 87, hata ukizidisha kidogo. Tableti ilisema 93. Tofauti hiyo ilikuwa upepo unaomsukuma kisogoni.

Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba. Nguvu ya noti 93 ikilinganishwa na ya 65 si nusu zaidi. Ni mara mbili, na breki zilikuwa zilezile.

## Mahali uamuzi ulipokuwa

Nilimuuliza kwa nini hakughairi, yaani kuongeza nguvu, kupaa tena na kwenda uwanja wa ndege wa Nduli, Iringa, ambako njia ni ndefu zaidi na ni mwendo wa dakika ishirini na kitu. Alinyamaza kidogo. Akasema mkono wake ulikwenda kwenye nguvu ya injini wakati ndege inaelea. Kisha akaiona milingoti, akaurudisha.

Aliurudisha kwa haki. Pale alipokuwa zilibaki mita kama 500 za kupanda, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zote chini, upepo wa nyuma. Injini isiyo na chaja ya hewa, yaani kifaa cha kuishindilia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi elfu, kwa hiyo alikuwa na robo tatu tu ya injini yake. Angepaa, huenda tungekuwa tunazungumzia milingoti na watu wawili waliokufa. Kuingia mtaroni taratibu lilikuwa chaguo bora kati ya yaliyobaki.

Ndiyo maana sikubali uchambuzi unaosema "alikosea kwa kutoghairi" ukaishia hapo. Alikuwa anautafuta uamuzi mahali ambapo haupo tena. Kwenye Songwe unaweza kubadili mawazo hata magurudumu yakiwa chini, lami bado iko mbele yako. Kwenye kiwanja cha upande mmoja, mlango wa kutokea uko bondeni, kabla ya kufika mwanzo wa kiwanja, ambako unaweza kugeuka kushoto juu ya chai na kushuka na bonde. Ukiupita umeahidi kutua. Pale bondeni alikuwa juu mno na kasi mno, na alijua yote mawili. Hakuwa amejiwekea kwamba hapo ndipo pa kuamua. Mara saba za kiangazi zilimfundisha kwamba mambo hujinyoosha yenyewe kwenye nyasi.

Na kuna lile jibu, "Tuko sawa." Aliniambia jambo ambalo sikulitarajia: alipolitamka tu alihisi ameshajifunga. Kughairi baada ya hapo kungekuwa kumwambia mwenzake kwamba amemdanganya. Siku hizi nawaambia wanafunzi wamweleze abiria kabla ya kupaa: tukifika tutaangalia, na huenda tukapaa tena mara moja au mbili, ndivyo inavyofanywa. Na ukiona moshi umelala, niambie umelala upande gani.

## Kilichofanya kazi

Mikanda ya mabega ilikuwa imefungwa kwa wote wawili. Bila hiyo, paji la uso la abiria lisingetoka na nyuzi sita tu. Maelezo ya mlango yalichukua nusu dakika Dar es Salaam na yakamtoa mtu nje ya ndege iliyoinama ikivuja petroli. Mafuta yalifungwa mara moja. Mabaki hayakuguswa, na kwa sababu hiyo alama za magurudumu na mahali flapu zilipokuwa vilisomeka vizuri siku wachunguzi walipofika.

## Baadaye

Rubani alirudi hewani mwaka uliofuata. Tulifanya viwanja vinne vya milimani, yeye akitakiwa kutamka kwa sauti, bado yuko bondeni, mahali anapoghairia na mwendo wa juu ya ardhi anaoukubali. Mara ya kwanza aliona aibu kuongea peke yake mbele yangu.

Kiwanjani waliweka matairi yaliyopakwa chokaa kwenye mita 250, na mwenye ndege yeyote anayekuja anaambiwa magurudumu yawe chini kabla ya hapo. Mfuko wa upepo ni mpya, umehamishwa mbali na kivuli cha miti. Maswali matano ya simu yamebandikwa kwenye kibanda cha mlinzi, naye ameongeza la sita kwa mkono wake mwenyewe: tope limeshika fimbo?

Machi ya mwaka huo rubani alipiga simu akiwa tayari amejaza mafuta. Mzee alikatiza kiwanja, akarudi, akasema, "Baba, leo fimbo imeshika." Rubani akatua Nduli, akachukua gari.

Mtaro umefukiwa, maji yamepitishwa pembeni kwa bomba. Milingoti bado ipo. Ni ya jirani, na mazungumzo ya bei hayajaisha.